Naomba ushauri: panya, muguka na kumbukumbu

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Niko Mombasa, mwaka wa mwisho chuoni, nasomea famakolojia, elimu ya dawa na athari zake mwilini. Tangu kaunti ipige marufuku muguka, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa, mwaka 2024, mtaani kwetu Kisauni kila mtu ana lake: huyu asema humsaidia kusoma usiku, yule asema umemharibia mwanawe. Mimi nataka kupima kama kweli husaidia kumbukumbu.

Panya wangu sita wameshajifunza kubonyeza wenzo wapate tembe ya chakula. Mmoja, jike mwenye doa sikioni, huinua mguu wa mbele kabla hata sijafunga mlango wa kizimba. Shida ni hii: kathinoni, kemikali iliyomo kwenye muguka, hufanya kazi kama amfetamini, dawa ya kuchangamsha mwili. Nikimpa panya muguka akabonyeza zaidi, nitajuaje kama ni kumbukumbu au ni kuchachawa tu?

Nimesoma kuwa mwaka 1955 mtafiti Peter Dews aliwapa njiwa pentobabitali, dawa ya usingizi. Dozi ileile iliongeza kudonoa pale malipo ya chakula yalipotegemea idadi ya madonoo, ikapunguza pale yalipotegemea muda kupita. Msimamizi wangu anataka ratiba moja tu ya malipo, yaani kanuni moja ya lini mnyama apate chakula, tumalize haraka. Kwa hilo sikubaliani naye.

Je, nimpitishe kila panya kwenye ratiba zote mbili? Kati ya dozi na dozi nisubiri siku ngapi? Na waliofunzwa wakiwa na dawa, niwapime pia bila dawa? Maana kuna alichojifunza mnyama akiwa amelewa, dawa ikamtoka asikikumbuke hadi apewe tena. Nisaidieni, sitaki kuwatesa wanyama bure.