Wauza spea Unguja na Pemba, acheni kutuuzia fyuzi za kioo kwa multimita (mita za kupimia umeme) zinazotaka za kauri!

Assalaam alaykum wadau. Leo hasira tupu, tustahamiliane.

Ukenda dukani ukataka fyuzi ya multimita ya 11 A, 1000 V, unapewa ya kioo ya 10 A, 250 V, na maneno juu: "Ndo hiyo hiyo, fundi." Si hiyo hiyo! Ile ya kauri ya multimita ya Fluke 87V ni 10 × 38 mm, imejazwa mchanga wa kuzima cheche, na inakata shoti ya hadi ampea 20,000. Ya kioo ya 5 × 20 mm, ile ya kawaida, kiwango chake ni kukata ampea 35 au mara kumi ya ampea zilizoandikwa, ipi kubwa. Kwa hiyo ya 10 A mwisho wake ni 100. Shoti ya 230 V karibu na bodi kuu inapita hapo mbali. Kawaya kakishakatika, cheche inaendelea kuruka, kioo kinapasuka, mita inakulipukia mkononi.

Na kwa vile haienei kwenye vishikio, watu wanaiunga kwa risasi ya kulehemu. Wengine wanafunga karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Hapo bora usiwe na mita kabisa.

Mafundi nanyi hamponi. Fyuzi nyingi zinaungua kwa uzembe mmoja: waya mwekundu wa mita umebaki tundu la A (la ampea), mtu anapima volti za soketi. Kwenye tundu hilo upinzani ni mdogo mno, kwa hiyo umepiga shoti kwa mkono wako. Ukimaliza kupima ampea, rudisha waya tundu la V kabla hujaweka mita chini. Ampea hupimwa kwa kukata njia na kuiweka mita katikati, si kugusa ncha mbili za betri! Na paneli ya sola ya wati 100 inatoa ampea 5 hivi. Ukiiweka tundu la mA (la miliampea, mkondo mdogo), fyuzi imekwenda. Mkondo mkubwa tumieni mita ya koleo, ile inayobana waya kwa nje.

Zile mita za manjano za bei rahisi, tundu la 10 A mara nyingi halina fyuzi kabisa. Someni maandishi pembeni ya tundu.

Kuijua iliyoungua bila kufungua 87V: weka kwenye omu (kipimo cha upinzani), waya mwekundu tundu la V, ncha yake itie tundu la A. Isomeke chini ya omu 0.5. Tundu la mA isomeke kama kilo-omu 1. Ikiandika OL, imekufa.

Kubadilisha: zima, chomoa nyaya zote mbili, ndo ufungue skrubu. Linganisha ampea, volti, urefu na uwezo wa kukata. Vishikio vikiwa na kutu ya kijani, chumvi ya bahari hiyo, visafishe kwanza.

Anayejua duka lenye fyuzi za tundu la mA, za 440 mA, 1000 V, 10 × 35 mm aandike hapa. Wa "ndo hiyo hiyo" akae kimya.