Glioblastoma: tumpeleke ami Nairobi kwa kipimo cha PET au tusubiri?

BintiShela, Malindi
Assalamu alaykum. Ami yangu alipasuliwa uvimbe wa ubongo aina ya glioblastoma, kisha akapewa mionzi pamoja na vidonge vya temozolomaidi. Picha ya MRI iliyopigwa wiki 6 baada ya mionzi inaonyesha doa jeupe lililopanuka pale alipopasuliwa, na daktari anasema huenda uvimbe umerudi au huenda ni athari za matibabu. Jamaa wameanza kuchangishana ili akapigwe PET Nairobi, ile picha ya kudungwa dawa yenye mionzi kidogo, kwa kuwa jirani yetu mwenye saratani ya titi kilimfaa. Je, kitatuondolea shaka?

Mpigapicha wa Mombasa
Waalaykum salaam, na pole kwa kuuguza. Kabla ya kukata tikiti, ulizeni atadungwa dawa gani, maana mashine ni ile ile ila dawa hutofautiana. Iliyoenea ni FDG, yaani sukari iliyotiwa florini-18 (kitu kinachotoa mionzi inayoonwa na mashine), ambayo seli nyingi za saratani huifyonza kwa pupa. Lakini ubongo wenyewe hula sukari mchana na usiku, hivyo hung'aa wote, na uvimbe huweza kufichika humo. Zinazofaa zaidi hapa ni dawa za jamii ya asidi amino (vijenzi vya protini), kama FET, ambazo seli za glioblastoma huzivuta kwa wingi ilhali ubongo wenye afya huzivuta kidogo.

BintiShela
Mbona basi hiyo FET haitumiki kila mahali?

Mpigapicha wa Mombasa
Dawa hizi haziwekeki kabatini. Nguvu ya florini-18, iliyomo pia katika FET, hupungua nusu kila dakika 110. Methionini ya kaboni-11, ambayo pia ni asidi amino, hupungua nusu kila dakika 20, kwa hiyo sharti itengenezwe kwenye saiklotroni, mtambo wa kuzalisha vitu vya mionzi, iliyo papo hapo hospitalini.

Muuguzi, Lamu
Naongeza kwamba katika wiki 12 za mwanzo baada ya mionzi, weupe huo mara nyingine hutokana na mishipa inayovujisha gadolini, dawa inayodungwa wakati wa MRI ili picha ionekane vizuri, wala si uvimbe. Kama ami hana dalili mpya, daktari anaweza kuamua kurudia MRI baada ya wiki kadhaa, na mimi ningeanzia hapo kabla ya kugusa mchango. Ila akianza kutapika, kuumwa kichwa zaidi au kulegea upande mmoja, msingoje tarehe ya kliniki. Popote mtakapokwenda, chukueni CD za picha zote tangu kabla ya upasuaji, kwa sababu ripoti ya karatasi peke yake haimwezeshi msomaji wa picha kulinganisha.

BintiShela
Ahsanteni. Leo namuuliza daktari kuhusu dawa na tarehe ya MRI. CD ya kabla ya upasuaji tunayo.