Tuko Japani, mtoto wa miaka miwili na nusu hataki kabisa Kiswahili. Naombeni ushauri

BintiPangani (mleta mada)
Habari zenu wanajamvi. Nipo Saitama, mume wangu ni Mjapani, tuna mtoto wa kiume wa miaka miwili na nusu. Anaenda hoikuen, ndizo chekechea za kutwa za huku, tangu ana mwaka mmoja maana na mimi niko kazini kiwandani.

Shida ni Kiswahili. Nikimwambia "njoo", ananijibu "iya", yaani hataki. "Kaa ule", iya. "Twende tukalale", iya. Walimu wake wanasema ni umri tu, hata jina wamekipa kipindi hicho, iyaiya-ki, eti kitapita. Mbona kwa Kijapani anatii? Akifika mlangoni anavua viatu, anavigeuza vielekee nje, anavipanga. Kabla ya kula anaunganisha viganja, "itadakimasu", hata kama mbele yake kuna biskuti moja. Juzi nimesonga ugali na dagaa, akauliza kwa Kijapani hiki nini, akasukuma sahani. Mama yangu akipiga simu ya video mtoto anajificha nyuma ya pazia. Jioni baba yake anaingia naye kwenye beseni la maji ya moto, wanaimba humo, mimi nimebaki nje na taulo kama dada wa kazi.

Mama mkwe naye anasema nisimchanganye mtoto kwa lugha mbili. Nifanyeje? Kuna jambo nimelifikiria, ila kwanza niwasikie ninyi.

Mzaramo_Halisi
Anapanga viatu mwenyewe ana miaka miwili na nusu? Dada, acha Kiswahili, nitumie huyo mtoto Mbagala aje awafundishe wangu. Wa kwangu ana miaka kumi na moja, kandambili zake huwa tunazitafuta kwa tochi.

MwalimuMstaafu
Samaki mkunje angali mbichi. Umempeleka kwa watu ana mwaka mmoja, leo unashangaa kaiga watu? Siku hizi kina mama mnataka mshahara na mnataka mtoto, vyote kwa pamoja.

BintiPangani
Shikamoo mwalimu. Kodi ya nyumba ya huku hailipwi na methali.

BiSharifa_Muscat
Mwanangu usimsikilize huyo. Mimi nimezaa wanne hapa Muscat, mtaa mzima Kiarabu, skuli Kiarabu, na baba yao akirudi ni Kiarabu. Nikawaambia jikoni kwangu haliingii neno la Kiarabu. Anotaka mandazi aseme mandazi. Yule wa tatu alikuwa mkaidi, akasusa, akakaa na njaa yake mpaka magharibi, kisha akaja mwenyewe: "Mama, nipe andazi moja." Sasa ni mtu mzima, ana mke Mmisri, ndiye anayenipigia kwa Kiswahili kuliko wote. Ila mke wake hajui kupika, hilo ni jambo jengine.

FundiNagoya
Pole dada. Niko Nagoya kwenye biashara ya magari, mke Mjapani, watoto wawili. Hiyo iyaiya-ki ipo kweli na inatesa nyumba zote, hata zao wenyewe.

Lakini soma tena ulichoandika. Kiswahili chako chote ni amri. Njoo, kaa, twende ukalale. Kijapani ndicho chenye nyimbo, marafiki na baba bafuni. Ningekuwa mimi ndiye mtoto ningechagua nini?

Sisi Kiswahili tulikihamishia kitandani. Si tunalala chini wote kwenye magodoro ya futon, mtoto katikati, wenyewe wanasema ni kama herufi yao ya mto wa maji, mistari mitatu na wa katikati mfupi. Taa ikizimwa ni sungura na fisi tu. Mkubwa wangu neno lake la kwanza la Kiswahili lilikuwa "zimwi". Ilikuwa Februari, sikukuu ya Setsubun, mwalimu wa hoikuen kavaa kinyago chekundu cha pembe, watoto wanamrushia vijipira vya karatasi. (Desturi ni soya kavu, ila serikali inaonya watoto wa miaka mitano kushuka chini wasipewe, zinawakaba.) Mtoto akarudi nyumbani anatetemeka, nikamwambia lile ni zimwi, kule kwetu sungura humshinda. Hadi leo anadai hadithi hiyo.

Kachero_77
Mleta mada, umesema kuna jambo umelifikiria. Jambo gani?

BintiPangani
Asante FundiNagoya, nitajaribu.
Kachero, nimefikiria tu aende akakae na bibi yake Pangani kwa muda, apate lugha. Watoto wengi wanalelewa na bibi.

Kachero_77
Muda gani?

BintiPangani
Mwaka hivi. Au mpaka aongee vizuri.

NesiWaZamu
Sitaki kuingilia ya lugha. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Japani hana kinga yoyote ya malaria. Pangani ni pwani, mbu wapo. Hata kwa wiki mbili tu, muone daktari kabla hujasafiri, uulize dawa za kinga kulingana na uzito wake. Chandarua si hiari. Na ile boshi techo, kitabu chake cha kliniki, usiiache huko, chanjo zake zote zimo.

MamaPacha_Tokyo
Nipo Tokyo. Halmashauri nyingi hazishikilii nafasi ya hoikuen kwa mtoto asiyeonekana muda mrefu. Ukimwondoa mwaka mzima utarudi kwenye kugombania upya pointi za kupata nafasi, na wewe unafanya kazi. Halafu Aprili si anaingia darasa la miaka mitatu? Kuanzia darasa hilo ada haipo tangu Oktoba 2019. Umelipa miaka ya ghali, sasa imefika ya bure ndiyo unamtoa?

Kachero_77
Ninyi mnajadili ada. Mimi nauliza, baba mtoto anasemaje?

BintiPangani
Anajua tunasafiri.

Kachero_77
Anajua mnasafiri au anajua mtoto harudi?

BintiPangani
Anajua ni likizo ya wiki tatu. Tiketi nimeshalipia. Kabla hamjaanza kunishambulia, mjue yule mwanaume anarudi saa nne usiku, mtoto kalala. Malezi yote ni mimi. Kukimbia na baiskeli kwenye mvua mtoto nyuma ni mimi, kugonga muhuri wa jina kwenye kila nepi ni mimi, akipata joto nusu ya siku ni mimi ninayeitwa kazini. Mimi mwenyewe nimelelewa na bibi na nimekuwa mtu. Sijamuiba, ni mwanangu. Nitamwambia tukishafika, kwa utulivu.

MwalimuMstaafu
Sasa huo ndio utoro.

FundiNagoya
Dada hapana. Mkiwa ndani ya ndoa, kwa sheria ya huku mamlaka juu ya mtoto ni yenu wote wawili. Na Japani imo kwenye Mkataba wa Hague wa watoto wanaohamishwa nchi tangu 2014. Hata ukiweka sheria pembeni, jiulize huyo baba atakuamini tena na nini.

BiSharifa_Muscat
Kwa mumeo hapo simo mwanangu. Jikoni ndiyo, mumeo hapana.

Mpelelezi_Mstaarabu
Wakuu mnaliwa kichwa. HII NI CHAI. Posti ya kwanza: "jioni baba yake anaingia naye kwenye beseni, wanaimba." Sasa hivi: "anarudi saa nne usiku, mtoto kalala." Anaimba na nani, na maji? Halafu Saitama unga wa ugali ameutoa wapi?

Mzaramo_Halisi
Nilikuwa nimeshaanza kuwa na huruma. Haya, sukari iko wapi?

MamaPacha_Tokyo
Unga upo Shin-Okubo, maduka ya halali yamejaa pale. Hilo si kosa.

BintiPangani
Kuoga ni Jumamosi na Jumapili, siku ambazo hayuko kazini. Nimeandika nikiwa na hasira. Mnataka picha ya beseni?

FundiNagoya
Picha hatutaki. Nijibu moja tu. Asubuhi kabla ya kumkabidhi mtoto, unajaza nini kwenye daftari la mawasiliano?

BintiPangani
Joto lake. Saa aliyolala na aliyoamka. Alichokula jana usiku na leo asubuhi. Choo, kapata au hakupata, kigumu au laini. Nani atamchukua na saa ngapi. Wao jioni wanajaza upande wao. Leo wameandika alikula wali akabakiza karoti, akalala saa sita na dakika arobaini, na amemsaidia mwenzake aliyeanguka uwanjani. Mume wangu huwa analisoma usiku akirudi, amesimama jikoni na koti.

FundiNagoya
Huyu ni wa kweli.

Mpelelezi_Mstaarabu
Hayo yote yapo YouTube.

NesiWaZamu
Iwe chai au isiwe, malaria ni ya kweli.

Kachero_77
Mleta mada, tiketi ya kurudi ya mtoto umekata?

BintiPangani
Nimekata, za wote. Nilipanga yake iungue tu.

MamaPacha_Tokyo
Basi itumie. Nendeni wiki tatu, bibi ashinde naye, wachote maji, wachambue dagaa. Mwambie mumeo achukue likizo hata wiki ya mwisho awafuate. Na fomu za kuendelea na hoikuen mwaka ujao umepeleka? Kwetu mwisho ni mwezi huu.

BintiPangani
Bado. Cheti changu cha kazi nimepata. Chake alileta jana kimepigwa muhuri na ofisi yake, kaniwekea juu ya friji.

Kachero_77
Yeye anakuletea cheti ili mtoto abaki, wewe unakaa nacho ukijua mtoto harudi. Mwambie leo akirudi hiyo saa nne.

BintiPangani
Nimewasoma wote. Sijasema nakubali. Naenda kumchukua mtoto, wanafunga saa kumi na mbili na nusu.

Kijana_wa_Gerezani
Samahani nje ya mada. FundiNagoya, kwa fundi magari mwenye cheti cha VETA, viza ya huko inapatikanaje?

FundiNagoya
Fungua uzi wako mkuu.