Naomba ushauri: kugeuza kauli za kukanusha katika barua pepe za Kiingereza

Ndugu wanachama, nawasalimu. Ninafanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha mjini Mombasa, na kutwa nzima huwaandikia wateja wa nje barua pepe za Kiingereza. Msimamizi wetu ameagiza tupunguze kauli za kukanusha, ili mteja asome kwanza kile tunachoweza kumfanyia.

Pale penye sharti la kutimizwa sina taabu: badala ya "We cannot release your container until you pay the port charges", sasa ninaandika "We will release your container as soon as the port charges are paid", na kwa kweli inasomeka vizuri zaidi. Nimekwama penye habari mbaya tupu. Siku za bure za kuhifadhi kontena zimekwisha, gharama zinapanda kila kukicha, na mteja anataka tumwondolee tozo ambayo sisi hatuna mamlaka nayo. Nilijaribu "We are able to assist you with the payment process". Akajibu kwa kuuliza tozo imepungua kiasi gani.

Je, jibu la kukataa kama hili liandikwe waziwazi kwa "cannot", kisha njia iliyobaki ifuate, au ipo kauli chanya isiyompotosha mteja? Na neno "unfortunately" mwanzoni mwa sentensi, ninyi mnalihesabu kuwa ni adabu, au ndilo hasa la kuepukwa?

Natanguliza shukrani.