Mrejesho: pilipili manga na manjano kwenye kipupwe cha Dodoma

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini miche ya pilipili manga inapukutisha majani Juni na Julai hapa Dodoma, na kama manjano yanayokauka wakati huohuo yamekufa.

Manjano hayajafa. Ukifukua, tunguu (shina nene la chini ya udongo) bado ni gumu, na ukilivunja ndani ni rangi ya chungwa iliyokolea. Mmea umepumzika tu. Punguzeni maji, maana tunguu lililolala kwenye udongo baridi uliolowa huoza.

Pilipili manga ndiyo yenye kazi. Ni mmea wa joto na unyevu, huumia hata pasipo barafu: upepo mkavu unakausha majani huku mizizi iliyopoa ikinyonya maji polepole. Kinachosaidia ni kizuizi cha magunia upande wa mashariki unakotoka upepo, matandazo ya nyasi sentimita 5 yasiyogusa shina, na kumwagilia asubuhi jua likishatoka, si jioni. Mbolea ya yurea isubiri hadi Septemba, maana huchochea machipukizi. Machipukizi laini ndiyo yanayoungua kwanza.

Anayetaka kiungo cha miezi hii apande giligilani. Hiyo inavumilia hata jalidi (umande ulioganda) nyepesi. Joto ndilo linaloikimbiza kutoa maua mapema.