Piano ya kujipiga: noti dhaifu, roli inazorota

Muulizaji: Wadau, nina piano ya kujipiga, inayoongozwa na roli ya karatasi yenye matundu. Ni ya noti 88, ya kukanyaga kwa miguu, ya miaka ya 1920. Ukiipiga kwa vidole iko sawa. Ikijipiga, lazima ukanyage mbio, noti nyingi zinagonga kinyonge, saba hazilii kabisa, na roli inazorota mwendo penye sauti kubwa. Nianze kwenye vali za hewa za kila noti, au mivukuto, yaani mifuko ya hewa inayogonga noti?

Mvukuto88: Anza chini, mkuu. Mashine hii hufyonza hewa, kwa hiyo pampu ikivuja kila kitu juu yake huonekana kibovu. Chomoa mirija yote ya mpira inayotoka kwenye pampu, ziba midomo yake, kanyaga mara nne tano, kisha acha. Mvukuto wa akiba, ule mkubwa unaotunza mfyonzo, ukikaa umejikunja kwa sekunde nyingi, pampu ni nzima. Ukifunguka papo hapo, kitambaa kimepasuka kwenye mikunjo au vilango vya ngozi vimekauka na havizibi tena. Pampu ikiwa nzima na roli bado inazorota, kagua gavana, yaani kidhibiti mwendo, ya mota ya hewa inayozungusha roli.

Gundi Moto: Ukifika kwenye mivukuto midogo, mmoja kwa kila noti, andika namba kwenye kila mmoja na mahali pake kabla hujaubandua. Itakubidi ubadilishe kitambaa yote 88. Ukibadilisha iliyopasuka tu, iliyobaki itafuata. Tumia pamba nyembamba yenye mpira. Ile nzito ni ya pampu. Kwenye mvukuto mdogo inakakamaa na noti za kurudiarudia zinapotea. Na nakuomba, tumia gundi moto ya ngozi, nyuzi 60 hadi 65 za Selsiasi. Gundi nyeupe ya mbao huingia ndani ya ubao, gundi nyingine haishiki tena hapo, na fundi wa baadaye atapasua mbao akijaribu kuibandua. Silikoni ndiyo mbaya zaidi.

Tundu kwa Tundu: Kwa zile saba, chomoa mrija wa noti kwenye vali huku ukikanyaga. Ikilia, mrija, au tundu lake kwenye upau ambao roli hupita juu yake, limejaa vumbi la karatasi. Isipolia, kiwambo cha ngozi kinapitisha hewa hivyo hakiinui vali, au mvukuto wake umetoboka. Noti isiyonyamaza ni kinyume chake: mara nyingi kitundu chake cha kupumulia, kinachofyonza hewa iliyobaki kwenye mrija, kimeziba. Mirija ikiwa ya madini ya risasi na ina unga mweupe, vaa barakoa na usiipulize kwa mdomo, unga huo ni sumu. Weka ya mpira.

Muulizaji: Mirija ni ya risasi, na unga upo. Nafungua pampu kwanza.