Presha ya dada haishuki kwa dawa tatu na potasiamu iko chini: je, tezi za juu ya figo zinahusika?

Kaka wa Tabora:
Wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri kwa ajili ya dada yangu, ambaye ana miaka 41 na huu ni mwaka wake wa nne wa kutibiwa shinikizo la juu la damu. Anatumia amlodipini, losatani na haidroklorotiazaidi, zote kwa kiwango cha juu, na mimi mwenyewe ndiye ninayemhesabia vidonge kila Jumapili jioni, kwa hiyo nina hakika kwamba haruki hata siku moja. Hata hivyo, kwa wiki mbili zilizopita presha tunayompima nyumbani haijashuka chini ya 160/100. Usiku huamka mara tatu au nne kwenda haja ndogo, misuli ya miguu humbana, na mwezi uliopita mikono ilimwishia nguvu akisonga ugali hadi akalazimika kuketi. Kipimo cha damu kilionyesha potasiamu ya 2.9, ilhali kiwango cha kawaida huanzia 3.5. Kliniki anakohudhuria walimwambia ale ndizi na aache kudanganya kuhusu dawa. Neno hilo la mwisho lilimuumiza sana, na tangu siku hiyo hataki kurudi. Nimesikia kwamba tezi zilizo juu ya figo zinaweza kupandisha presha. Je, ni kweli, na tuanzie wapi?

Daktari wa Zamu:
Ndugu yangu, pole kwa kuuguza, na umfikishie dada pole zangu, kwa sababu mtu anayemeza dawa zake kwa uaminifu kisha akaitwa mwongo ametendewa vibaya.

Ulilosikia ni kweli. Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo yenye uzito wa gramu nne au tano hivi, na ganda lake la nje hutengeneza aldosteroni, homoni inayoifanya figo irudishe sodiamu mwilini na kuitoa potasiamu kwa njia ya mkojo. Sodiamu huvuta maji, mishipa hujaa, presha hupanda. Katika mwili wenye afya, kazi hiyo husimamiwa na renini itokayo kwenye figo: chumvi na maji vikipungua, renini hupanda na kuiamsha aldosteroni; vikitosha, zote mbili hutulia. Ugonjwa huanza pale tezi inapoendelea kumwaga aldosteroni ingawa renini imekwisha kushuka.

Daktari Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1955, kutokana na mwanamke wa miaka 34 aliyekuwa na presha, udhaifu wa misuli na potasiamu ya chini, ambaye katika upasuaji alikutwa na uvimbe kwenye tezi. Kwa miaka mingi madaktari waliudhani kuwa nadra, kwa kuwa walisubiri potasiamu ishuke ndipo waushuku, kumbe wagonjwa wengi potasiamu yao ni ya kawaida. Miongoni mwa watu ambao presha yao inashinda dawa tatu, takriban mmoja kati ya watano anao.

Haidroklorotiazaidi nayo hushusha potasiamu, kwa hiyo 2.9 peke yake haithibitishi jambo. Lakini losatani kwa kawaida huipandisha, na kushuka kiasi hicho akiwa anaitumia kunanifanya nishuku tezi. Muombe daktari ampime aldosteroni na renini kwa pamoja, asubuhi, akiwa ameamka kwa saa mbili au zaidi, na potasiamu iwe imerekebishwa kwanza, kwa sababu ikiwa chini huizuia aldosteroni na kipimo kinaweza kudanganya. Ndizi hazitoshi kurekebisha 2.9, anahitaji potasiamu ya hospitali, na asingoje, kwani upungufu huo huweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Binti Mwalimu:
Mimi nilipitia njia hiyo. Picha ya CT ilionyesha uvimbe mdogo upande wa kushoto, lakini daktari wangu hakukimbilia kisu, kwa maelezo kwamba uvimbe usiotoa homoni yoyote ni jambo la kawaida na huenda tezi ya pili ndiyo mkosaji. Nilichukuliwa damu kutoka kwenye mishipa ya tezi zote mbili, kipimo kinachopatikana mahali pachache sana, na ndipo nikafanyiwa upasuaji. Potasiamu ilitengemaa. Presha ilishuka, ingawa nimebaki na kidonge kimoja. Wenye tatizo katika tezi zote mbili hawapasuliwi. Hutumia spironolaktoni, dawa inayoizuia aldosteroni kufanya kazi.

Mfamasia:
Naongeza swali: je, dada amewahi kutumia deksamethasoni au predinisoloni, labda kwa ajili ya kunenepa? Dawa hizo hufanya kazi kama kotisoli, homoni nyingine ya tezi hizohizo, na hupandisha presha. Kama anazitumia, asizikatishe ghafla, kwa kuwa tezi zake huenda zimelala na kuacha kwa mkupuo kunaweza kumuua. Vilevile, akiwa na vipindi vya kuumwa kichwa, kutokwa jasho na moyo kwenda mbio, amwambie daktari, kwani sehemu ya ndani ya tezi hutoa adrenalini na inaweza kuota uvimbe wake.

Kaka wa Tabora:
Nimemuuliza, hajawahi kutumia dawa hizo, wala hapati vipindi hivyo. Je, aanze spironolaktoni mara moja, au aache losatani ili kipimo kiwe safi?

Daktari wa Zamu:
Asiache chochote kwa uamuzi wake. Kwa presha ya 160, kiharusi ni hatari ya kweli. Losatani hupandisha renini, kwa hiyo renini ikikutwa chini huku akiitumia, jibu hilo lina uzito zaidi. Spironolaktoni ni vyema ingoje hadi damu ichukuliwe, maana ikishaanza hulazimu kusimamishwa kwa wiki nne hivi kabla ya kupima. Lakini kama kipimo hakipatikani, daktari anaweza kuianza huku akifuatilia potasiamu na utendaji wa figo, kwa sababu aldosteroni ikizidi huuharibu moyo zaidi ya vile presha peke yake ingefanya.

Kaka wa Tabora:
Asanteni sana. Amekubali kwenda Jumatatu katika hospitali ya rufaa, nami nitamsindikiza nikiwa na daftari la vipimo na maboksi ya dawa.